Niliwafundisha vijana wa kipaimara habari za Zakayo, wakaenda kula kwa meneja wa sukari Kariakoo

Wakuu, salaam kwenu wote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo nimeona nami nitoe changu kabla sijaondoka nacho. Ni kweli tupu, na pale panaponiaibisha ndipo penye ukweli zaidi. Majina nimebadilisha, maana watoto wa wahusika najua wamo humu.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, ile miaka ya foleni.

Mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa. Sukari ilikuwa inapatikana duka la ushirika tu, kilo mbili kwa kaya, tena siku ikiletwa. Watu wanapanga mstari tangu alfajiri. Ukichoka unaacha jiwe au kandambili mahali pako, unaenda zako. Ole wake atakayesogeza. Nimeona kwa macho yangu watu wazima wakikunjana mashati kwa sababu ya kandambili moja, tena ya kushoto.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nimetoka Songea, karani kwenye ofisi moja pale Posta, nimepanga chumba Mtaa wa Swahili. Jumapili nafundisha darasa la kipaimara.

Msidhani nilikuwa mtakatifu. Nilipewa darasa kwa sababu nilikuwa na suruali isiyo na kiraka na niliweza kusoma kwa sauti. Basi.

Vijana walikuwa saba, wa miaka kumi na nne hadi kumi na sita. Kiboko yao alikuwa Rehema. Binti mwembamba, mama yake mjane anauza maandazi Mnazi Mmoja. Rehema akinyoosha mkono kuuliza swali, unatamani kengele igongwe.

Mchungaji alikuwa ametuagiza vijana wasikariri tu kama kasuku. Habari za Injili waziingize kwenye maisha ya kila siku. Nikasema hilo dogo. Nikaweka utaratibu: kila Jumapili habari moja, wiki nzima waitende, Jumapili inayofuata watoe ripoti.

Nilianza na Msamaria Mwema. Ripoti ya kwanza, kijana mmoja alimwokota mlevi Mtaa wa Kongo, akamkokota hadi kwake. Mke wa mlevi akamtandika yeye kwa mwiko, akidhani ndiye aliyemnywesha mumewe. Alikuja darasani na nundu.

Nikamwambia thawabu yako iko mbinguni. Akanijibu, "Mwalimu, nundu iko hapa."

Hapo ningeacha. Sikuacha.

Jumapili iliyofuata nikafundisha Zakayo. Mnamjua: mfupi, tajiri, mtoza ushuru anayewanyonya watu, kapanda mti amwone Yesu. Yesu anamwambia ashuke, leo anakula kwake. Jamaa anaguswa, anaahidi aliowadhulumu atawarudishia mara nne.

Nikajitia uhodari, nikauliza, "Haya, Zakayo wa Kariakoo ni nani?"

Rehema hata mkono hakunyoosha. "Mzee Gaspari."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mimi jasho likanitoka.

Mzee Gaspari alikuwa meneja wa duka la ushirika la mtaani kwetu. Pia alikuwa mzee wa kanisa, tena yule wa kupitisha kapu la sadaka. Kila mtu alijua kwamba sukari inaingia kwa mlango wa mbele na nusu yake inatokea kwa mlango wa nyuma, inaenda kwa wanaojuana naye.

Jasho lilinitoka kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa wanaojuana naye.

Ndiyo, wakuu. Nitukaneni tu. Nilikuwa namfukuzia nesi mmoja anakaa Upanga karibu na hospitali. Enzi zile maua yalikuwa mzaha. Ukimpelekea binti kilo mbili za sukari, hata mama yake anakuita mkwe.

Nikajaribu kugeuza maneno. "Jamani, tusiwahukumu watu."

"Hatumhukumu," Rehema akasema. "Yesu hakumhukumu. Alienda kula kwake. Si ulisema tuitende? Mama yangu wiki ya tatu hajakaanga andazi hata moja, hana sukari. Mimi leo naenda kula kwa Mzee Gaspari."

Wakasimama wote saba.

Niliwafuata nikijiambia nitawarudisha njiani. Tukavuka Mtaa wa Sikukuu, sikuwarudisha. Tukafika mlangoni, bado najiandaa kuwarudisha.

Mzee Gaspari alitoka na fulana na msuli, anachokonoa meno.

"Shikamoo mzee!" Saba kwa pamoja, kama kwaya.

"Marahaba. Kuna nini?"

Rehema akasema kwa adabu zote, "Mzee, leo tumekuja kula kwako."

"Nani kawatuma?"

Vidole saba vikanielekea mimi.

Mkewe, Mama Anjela, alikuwa mtu mwema kweli, na wema wake ndio ulituponza wote. Alipoona watoto wa kanisa akapiga kigelegele. "Karibuni wanangu! Baba Anjela, unawaachaje watoto juani?" Akatandika mkeka, akaleta wali wa nazi na samaki. Wali, wakuu, wakati wengine tunakula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, mchana na jioni! Wale vijana walikula kama nzige. Mzee Gaspari alikaa kwenye kiti chake akihesabu matonge kwa macho.

Ikaja chai. Rehema akaonja, akafumba macho. "Mama, chai tamu hii! Sukari mnapata wapi?"

"Ipo, mwanangu, ipo tele," Mama Anjela akasema. Kisha akanigeukia kwa tabasamu lile lile. "Tena nimekumbuka! Mwalimu, ule mfuko wako wa kila mwezi uko tayari, usije ukausahau." Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa kaki wa kilo mbili, akaniwekea mapajani.

Vijana wakaweka vikombe chini.

Rehema alinitazama. Nilitegemea hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyepotelewa na kitu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kumbe na wewe uko juu ya mti."

Wakaaga kwa adabu, wakaondoka. Nikabaki na mfuko mapajani kama mtoto wa kusingiziwa.

Mzee Gaspari akaniinamia. "Umeniletea watoto wanipeleleze? Nyamaza, wanyamazishe na wao, na mfuko utaendelea kuupata. Ukifungua mdomo, darasa huna."

Na niseme ukweli nilioahidi: niliuchukua ule mfuko.

Siku tatu ulikaa chini ya kitanda. Upanga sikwenda. Kila nikilala nauona uso wa yule binti. Jumatano nikatoka kazini, nikaubeba hadi kwa kina Rehema. Mama yake alikuwa uani, karai lake limefunikwa kifudifudi ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu." Hakunikaribisha kiti. Nikamweleza yote, nikamkabidhi mfuko. Akaupima mkononi.

"Hii ni ya kutubu au ya kutufunga midomo?"

"Ya kutubu, mama."

"Zakayo alirudisha mara ngapi?"

"Mara nne."

"Hii ni moja." Akaingiza mfuko ndani. "Na hizo tatu usizitoe kwa Gaspari. Kapange mstari kama mimi."

Hapo hapo nikajua nesi nimemkosa. Na kweli, aliolewa na dereva wa lori la sukari. Sina kinyongo.

Jumapili nikaitwa kwenye baraza la wazee. Mzee Gaspari akalalamika kwamba nawafundisha vijana utovu wa nidhamu, wanavamia nyumba za watu. Mchungaji akaniuliza niliwafundisha nini.

Nikasema, "Zakayo. Ila mwalimu mwenyewe nilikuwa nanunua sukari mlango wa nyuma kwa Mzee Gaspari, na vijana wameniona."

Nilidhani paa litaanguka. Badala yake nikaona kitu cha ajabu: wazee saba, na wote wanatazama viatu vyao. Mmoja akapatwa na kikohozi. Mchungaji naye alichungulia kikombe chake cha chai, akakisukuma pembeni polepole.

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Tukafunga kwa sala, sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia kwa Walutheri.

Darasa nilinyang'anywa. Nikapewa cheo cha kutunza vitabu vya nyimbo.

Jumamosi ya pili nikaenda kupanga foleni na jiwe langu. Mnajua nani walikuja? Wale saba. Rehema akasema mwalimu mpya anawakaririsha tu, wamechoka. Tukasimama pale tunaongea, habari moja baada ya nyingine, jua linatuchoma, na akina mama wa Kiislamu waliokuwa mbele yetu wanachangia kuliko darasa lilivyowahi kuchangia.

Nilipofika dirishani Mzee Gaspari akaniangalia. "Imekwisha."

Rehema akachomoza kichwa kwapani mwangu. "Shikamoo mzee. Mama Anjela leo anapika nini?"

Mzee Gaspari akatutazama, akatazama foleni yote iliyokuwa imetega masikio. Akaenda nyuma. Ikapatikana. Ikapatikana ya foleni nzima!

Msidhani aliokoka. Baada ya mwezi na kitu mlango wa nyuma ulifunguka tena, na wateja tunawajua.

Mimi ilinichukua wiki tisa kukamilisha deni langu, maana kuna Jumamosi unasimama kutwa unarudi na jiwe lako tu. Siku nilipopeleka mfuko wa nne, Mama Rehema alikuwa anakaanga. Hakusema amenisamehe. Alisukuma kigoda kwa mguu, akanipa maandazi mawili ya moto kwenye kipande cha gazeti. "Kaa ule, usisimame kama mdai."

Nilikaa. Nilikula huku machozi yananitoka, nikasingizia moshi.

Nilichojifunza, wakuu: kijana ukimwambia aitende Injili mtaani, usidhani ataanza na jirani. Ataanza na wewe. Kama hujajiandaa, mfundishe nyimbo.

Na nimejifunza kwamba wale vijana hawakunichukia kwa kuanguka. Walinisubiri niamke, wakaja kusimama na mimi juani. Sijui kama mimi ningewafanyia hivyo.

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kuumbuliwa na wanafunzi wao waje tujuane, na wenye mawe nawaomba mnirushie taratibu, umri umeenda.