Mandolini ya Vidole Viwili

Mume wangu Naftali ni fundi wa vitanda hapa Lemara, na sifa yake ni moja: kitanda chake hakipigi kelele. Watu waliooana miaka ishirini iliyopita bado wanalalia vitanda vyake, na yeye hachoki kuwakumbusha, hata msibani.

Zamani alikuwa pia mpiga gitaa wa kwaya. Miaka saba iliyopita mashine ya randa ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho. Kidonda kilipona. Gitaa akaligawa, na tangu hapo kila Jumapili alikaa kanisani na koti, jua liwe kali vipi, mkono ukiwa mfukoni. Kwaya ikianza kuimba, yeye anaangalia viatu vyake. Mimi niliyekaa pembeni yake niliumia kuliko nilivyowahi kumwambia.

Mwaka jana Mzee Mehboob, mwenye duka la vitambaa mjini, alimletea sanduku la mandolini ya marehemu baba yake, bawaba zimeng'oka. Mandolini ilikuwa humo ndani. Shingo yake nyembamba, nyuzi nane zimepangwa mbili mbili, na Mzee Mehboob akamwonyesha kwamba nyimbo nyingi zinapigika kwa vidole viwili tu.

"Jaribu, fundi."

Akajaribu. Jioni alirudi nyumbani na vipimo vyote vya ile mandolini, amevichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.

"Mama Lucky, natengeneza ya kwangu."

"Tengeneza kwanza mlango wa choo," nikamjibu.

Mbao alizifuata Oldonyo Sambu kwa mama yake: mlango wa mtarakwa wa nyumba ya zamani ya baba, mkavu wa miaka arobaini. Mama mkwe aliutoa shingo upande. Miezi minne nilifagia vumbi la mtarakwa sebuleni, hata ugali ukanukia.

Siku alipokaza uzi wa mwisho na kupiga, sauti ilitoka kama ya mtu anayeongea amejifunika blanketi. Akapiga tena. Akaiweka juu ya kabati, na chakula hakugusa. Jumapili akavaa koti lake.

Wiki hiyo mama mkwe akaja kututembelea. Jina lake Nosim, na amekwangua vibuyu vya maziwa tangu usichana wake.

"Shikamoo, yeyo," Naftali akamwamkia mama yake, macho chini.

"Marahaba. Mlango wangu uko wapi?"

Nikaiteremsha mandolini. Nyuzi hakuzitazama. Aliigonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akaigonga usoni, akasikiliza.

"Umeacha nyama," akasema.

"Yeyo, hiki si kibuyu."

"Naona. Kibuyu kikibaki na nyama ndani kinaitika hivi hivi. Kwangua."

"Nikikwangua itavunjika."

"Kwani nani atailalia?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndivyo ilivyokuwa: mume wangu alikuwa ametengeneza kitanda chenye nyuzi. Ubao wa uso aliuacha mnene, na kwa ndani akaupigia vipande vya kuukaza, vimepangana kama chaga za kitanda. Ujuzi wake wote wa miaka yote ndio ulioiziba sauti.

Akapasha kisu moto, akaubandua uso taratibu. Ukipasuka hakuna mlango mwingine. Akakwangua kwa kipande cha kioo siku tatu, na mama mkwe, aliyesema amekuja kulala siku moja tu, ameketi pale pale anagonga. "Bado." Anakwangua. "Bado." Siku ya tatu mchana akagonga, akauweka chini, akaniomba chai.

Gundi ilipokauka Naftali akafunga nyuzi na kupiga pambio la kwaya yao ya zamani, kwa vidole vyake viwili. Sauti ikatoka mpaka kwa jirani, akaja kuuliza redio gani hiyo. Mama mkwe akaimba kwa Kimaa, nyuma kidogo ya wimbo, na mwanawe akamsubiri. Naftali alilia. Nami nililia, na sioni aibu kusema.

Jumapili iliyofuata ilikuwa na baridi ya Julai, Mlima Meru umejifunika mawingu. Tulikuwa tumeshafika kanisani, yeye amekaa mbele na kwaya, mkono wa kushoto uko wazi shingoni mwa mandolini, ndipo nilipokumbuka koti. Lilikuwa limebaki nyumbani, kwenye msumari wa mlango wa choo, ambao mpaka leo haufungi.