Mwambie Baba Yako

Dada yangu ni mtunza sokwe katika kituo cha utafiti, na ukimpa nafasi atakueleza habari za kamba mpaka chai ipoe. Mbele ya banda kuna sinia la ndizi, na kamba yake ina ncha mbili. Sokwe akivuta peke yake, kamba inachomoka, ndizi anaziona kwa macho tu. Wakivuta wawili kwa pamoja, sinia linakuja. Jike akiona dume kazubaa, humshika mkono akamleta hadi kwenye kamba. "Ona maelewano hayo!" dada husema, machozi yanamlengalenga.

Maelewano! Jamani, huyu ni mwanamke aliyekuwa hasemi na mumewe. Shemeji, fundi umeme, alikubali kazi mji wa mbali bila kumuuliza. Dada akanuna. Shemeji naye akanuna kwa sababu amenuniwa. Tunapakana ukuta, kwa hiyo kutwa nasikia, "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Anayetumwa ni binti yao wa miaka minne, na wote watatu wamo chumba kimoja! Safari ilikuwa Jumamosi. Dada alikuwa anakonda kwa hofu ya kuachwa, lakini ujumbe aliotuma ni huu: "Mwambie baba yako aende tu, nani kamshika?"

Ijumaa watafiti wakataka kuwapima watoto kwa kamba ileile. Dada, kwa kujitapa, akampeleka binti yake. Akapangwa na mtoto wa dereva wa kituo. Yule akashika ncha yake, akangoja. Binti yetu hakugusa kitu. Akamgeukia mtafiti.

"Mwambie avute."

"Si huyo hapo? Mwambie mwenyewe."

"Watu wawili hawaambiani," mtoto akamwelewesha, taratibu, maana aliona mzee wa watu hajui.

Mtafiti alifurahi kupita kiasi. Tabia hiyo hajaiona kwa sokwe hata mmoja! Dada alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni akanibwagia mtoto mlangoni. "Kaa naye," akasema, akarudi kwake. Nikamsikia shemeji upande wa pili akifungua na kufunga kabati. Kisha sauti ya dada.

"Usiende."

Naapa shemeji alikuwa anamtafuta mtoto chini ya meza.

"Nakuambia wewe. Usiende."

"Si uliniambia niende?"

"Nani kakuambia?"

"Mtoto."

"Na wewe na ndevu zako ukamsikiliza mtoto!"

"Ningemsikiliza nani? Nimekaa humu nangoja useme neno moja!"

Wakaanza kugombana, wao kwa wao, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nusura nipige vigelegele.

Binti akasimama, macho yamemtoka, akaanza kuvaa ndala zake. "Mama mdogo, niende nikawaambie?"

"Kaa hapa, mwanangu," nikamwambia, nikamvua ndala. "Leo hutumwi."