Begi Chini ya Kitanda

Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mdogo wangu wa darasa la saba alishinda akitazama habari kwenye TV, pale kwetu Kiganjo. Siku moja moshi wa jiko ulimkohoza mama. Mdogo wangu akakimbia chumbani, akarudi na begi lake la shule.

"Mum, nilishakupakia. Sweta, mswaki na leso. Wakikuja kukupeleka karantini, usisahau Bibilia."

Ngai! Begi hilo lilikuwa chini ya kitanda chetu wiki nzima, nami nikidhani lina vitabu.

Mama alizima TV, akampakata, msichana mkubwa vile. "Ni moshi tu, mami. Siendi popote."

Mdogo wangu alikubali nitoe sweta na leso. Mswaki alikataa kuuachilia.