Tumbo la Msemaji Gatimu

Tumbo la Gatimu wa Tetu halikuwa na adabu hata kidogo. Sokoni penye kelele lilinyamaza, lakini watu wakifunga macho tu kuomba, linaanza: grrruuu! Siku moja mchungaji alikatiza sala akidhani ni ngurumo, akawatuma akina mama wakaanue mahindi. Ati ngurumo, na jua lote lile!

Lingekuwa jambo la kucheka tu, kama Gatimu asingekuwa msemaji wa ukoo. Posa ikipelekwa, yeye ndiye aliyesimama mbele ya wakwe na kuzungumza, na duniani hakuna kazi aliyoipenda kuliko hiyo. Sasa Theuri, mtoto wa ndugu yake, alikuwa amepata mchumba kule Kangema, na binamu yao Kingori akaanza kuuliza watu: "Tutapeleka msemaji ama tutapeleka tumbo?" Huyo Kingori aliutamani usemaji tangu mwaka wa Uhuru.

Gatimu akaenda dispensari kwa Moffat, kijana mpole aliyeitwa daktari na kila mtu.

"Mzee, kuna chakula hakipatani na tumbo lako," Moffat akamwambia. "Acha kimoja, ungoje wiki. Usipopata nafuu, kirudishe, uache kingine."

Jamani, aliteseka! Aliacha maharagwe, akawa anadonoa mahindi kwenye githeri kama kuku. Tumbo likanguruma. Akaacha mahindi, akala maharagwe matupu, hata mkewe Wachuka akahamia kulala jikoni. Akaacha nduma, akaacha kabichi. Mwishowe Moffat akasema aache maziwa. Hapo alikasirika, maana ng'ombe wake alisifiwa Tetu nzima, lakini akatii. Kikombe chake cha jioni akapewa paka. Na tumbo? Likanguruma vilevile.

Halafu ng'ombe akakaushwa, yaani akaachwa kukamuliwa, kwa kuwa alikaribia kuzaa. Wachuka akawa anapika strungi, chai nyeusi tii, na Gatimu akainywa akinung'unika wiki nzima. Jumapili mchungaji akaomba sala ndefu kweli kweli. Kimya. Aliposema amina, kanisa zima liligeuka kumtazama Gatimu kuona kama bado yu hai. Yeye nusura alie kwa furaha.

Kesho yake akakimbilia dispensari. Moffat akakuna kichwa. "Si ulisema maziwa uliacha?"

"Niliacha kabisa!"

"Na chai ulikuwa unapikiwa na nini?"

"Maziwa. Lakini hiyo ni chai, daktari! Uliniambia niache maziwa, nani alitaja chai?"

Moffat alilaza kichwa mezani, mabega yakitikisika.

Siku ya Kangema Gatimu aliingia kwa wakwe kifua mbele. Mara mama wa msichana akatokea na birika kubwa. Chai ile haikujua maji. Ilikuwa maziwa matupu yaliyoonyeshwa majani tu. Akammiminia msemaji kwanza, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili, akasimama kungoja aonje.

Umkatalie mama mkwe chai, siku ya posa? Gatimu akamtazama Theuri, anavyotoka jasho ndani ya koti la kuazima. Akamtazama yule mama, anavyotabasamu. Akaona uchungu, akaiaga kazi yake kimoyomoyo, akanywa. Akaongezewa, akanywa tena.

Baba wa msichana, mzee Muriithi, akasema, "Tuombe." Macho yakafungwa.

Grrruuu! Likapanda, likashuka, likapanda tena. Mtu mmoja akacheka kwa pua. Kingori akaruka juu, hata amina haijasemwa.

"Wazee, mtusamehe! Huyu mzee wetu, daktari alimkataza maziwa. Alijua kabisa yatamfanyia hivi! Wacha mimi niendelee na maneno."

Mzee Muriithi akafungua macho. "Ngoja kwanza. Alijua, na bado akakunywa chai ya bibi yangu?"

"Vikombe viwili!" akasema Kingori.

"Basi wewe keti. Mimi nitaongea na huyo."

Kingori akaketi. Gatimu akainuka polepole, mkono tumboni, machozi yakimlengalenga.

"Asante sana, mzee," akasema. "Niko na maneno mengi ya kukuambia. Lakini kwanza nionyeshe choo."