Kilomita Kumi kwa Mwendo wa Hamsini

Mume wangu alianza kukimbiza gari baada ya kumpoteza mtoto wetu wa kwanza. Kabla ya hapo alikuwa dereva mwoga, wa kumpigia honi kuku na kumsubiri avuke. Tulikuwa tumehamia Kibamba, kwenye nyumba ambayo haikuwa na dari bado, na yeye alikuwa akifuata nyanya na vitunguu Morogoro kwa pikapu yake na kuvishusha sokoni Temeke. Mie nilikuwa karani katika shule ya sekondari. Yeye ni mtu wa Njombe, mie wa Masasi, na tulikutana hapahapa mjini, kwaya ikatuunganisha.

Mtoto alikuwa wa kike. Mimba ilifika miezi yake yote, kisha siku moja nikahisi hachezi. Hospitali wakanipasua, lakini alitoka hana uhai. Nilipozinduka, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Shangazi zangu na mama mkwe walikuwa wameshamchukua kwenda kumzika, na waliporudi waliniambia ni vizuri sikumwona, kwa sababu ukimwona hatakutoka machoni. Sikuwa na nguvu ya kubishana nao. Niliporudi nyumbani, nguo zake hazikuwepo kabatini. Kuna mtu alizitoa, na sikuuliza ni nani.

Mume wangu naye hakusema kitu. Wakati wa mimba alikuwa akiniita mama, kwa utani, hata mbele ya wateja wake. Baada ya hapo akawa ananiita mwenzangu. Tulikula pamoja, tulilala pamoja, tuliulizana kama maji ya bomba yametoka. Ila lile jambo lilikaa katikati yetu na hakuna aliyeligusa.

Na hapo ndipo akaanza kukimbia. Nililijua hilo kwa sababu kila wiki mbili, Jumamosi, tulikuwa tunakwenda wote Morogoro kumwona mama yake. Miguu ilikuwa inamsumbua, na alihamia huko kuishi na mdogo wake wa kike. Nilikuwa nashika kishikio kilicho juu ya dirisha tangu Kibaha mpaka tunafika. Siku moja alipita malori matatu kwa mpigo, kwenye mlima, na lingine linashuka mbele yetu.

"Tunawahi wapi?" nikamuuliza.

"Hatuwahi popote," akajibu. Wala hakupunguza.

Askari wa barabarani walikuwa wanamkamata mara kwa mara. Hicho kipima mwendo wanachokishika mkononi na kukuelekezea, madereva wetu wanakiita tochi, na mume wangu alikuwa anapigwa tochi hadi wenzake sokoni wakawa wanamcheka. Ndipo akaenda Kinondoni, kwenye duka la vifaa vya magari, akarudi na kidude cha kunusa tochi.

Kilikuwa cheusi, ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, kinabandikwa juu ya dashibodi na kupata umeme kwenye tundu la kuwashia sigara. Kikihisi tochi mbele, kinalia, na jinsi unavyoikaribia ndivyo kinavyolia haraka zaidi. Kilikuwa na kiherehere. Tulipopita karibu na duka kubwa lenye milango inayojifungua yenyewe, kililia kama kimeona kikosi kizima cha askari. Mume wangu akakigonga kwa kidole, kama mtu anayemtuliza mtoto wa shule.

Lakini sitasema uongo, kilifanya kazi. Safari ya kwanza, kabla ya Mlandizi, kilianza kulia. Akatoa mguu kwenye mafuta, tukajikokota kama tunatoka kanisani. Askari alikuwa amesimama kwenye kivuli na tochi yake mkononi, akatutazama tukipita taratibu, naye akatupungia. Mume wangu akacheka. Akacheka mpaka akapangusa macho. Sikukipenda kile kidude hata kidogo, lakini sikuwa nimesikia kicheko kile kwa muda mrefu, na nilijikuta nami nacheka.

Halafu siku moja akaangalia kwenye simu kama gari linadaiwa faini, kama anavyofanyaga kila mara kabla ya safari, akakuta limeandikiwa kosa. Mwendo kasi, siku ya Jumamosi tuliyokwenda kwa mama, kwenye kipande cha barabara chenye vibao vya hamsini ambako wenzake walikuwa wakisema kumewekwa kamera mpya za majaribio.

"Haiwezekani," akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. "Ile kamera ya kwanza niliiona kwa macho yangu. Nikapunguza. Na ya pili niliiona, nikapunguza. Na kidude hakikulia! Wewe ulikuwepo. Kililia?"

"Hakikulia," nikasema.

"Basi wameniandikia gari la mtu mwingine. Twende wote, ukanitolee ushahidi."

Nikaomba ruhusa kazini tukaenda. Kwenye ofisi ya askari wa barabarani tulipelekwa kwa afande mmoja wa kike, mtu mzima, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba shingoni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia na kutupa viti. Alimsikiliza mume wangu mpaka akamaliza, bila kumkatiza. Kisha akachukua chupa mbili za maji zilizokuwa mezani, akaziweka moja mwanzo wa meza na nyingine mwisho.

"Baba, hii ni kamera ya kwanza, hii ya pili," akasema. "Ya kwanza haikupimi mwendo. Inasoma namba ya gari lako na kuandika saa uliyopita. Basi. Ya pili nayo hivyohivyo, namba na saa. Kati ya chupa hii na hii ni kilomita kumi. Mtu anayekwenda hamsini anatumia dakika kumi na mbili. Wewe umetumia saba."

"Lakini nilipunguza, afande."

"Ulipunguza hapa." Akagusa chupa ya kwanza. "Na hapa." Akagusa ya pili. "Katikati ulikuwa unafanya nini?"

Mume wangu akazitazama zile chupa.

"Hii si tochi," afande akaendelea, na sauti yake haikuwa ya kugomba. "Tochi inakukamata pale ulipo kwa dakika ile. Hizi zinatafuta wastani wa njia nzima. Huwezi kufika kwa dakika saba bila kukimbia mahali fulani, na wala kamera haijali ulikimbia sehemu gani."

Mume wangu alijikuna shingo. Kisha akauliza, akijifanya anauliza kwa niaba ya mtu: "Na hivi vidude wanavyoweka watu kwenye magari, haviwezi kuziona?"

Afande akavua miwani. "Sijakuuliza kama unacho," akasema, na nikaona anazuia tabasamu. "Tochi inatupa mawimbi, yanagonga gari lako na kurudi. Kidude kinayasikia yale mawimbi ndiyo maana kinalia. Sasa hizi kamera zetu zinapiga picha tu, kama simu yako. Hazitupi kitu. Kidude kitasikia nini? Vipo vyenye ramani ndani, vinavyojua kamera imewekwa wapi. Hivyo vinaweza kukwambia unaikaribia. Lakini hata ukiambiwa, itakusaidia nini? Utapunguza hapa, ukimbie, upunguze pale. Hesabu ni ileile."

Akarudisha chupa zake pamoja. Halafu akamwangalia mume wangu, akaniangalia na mie, na akauliza swali ambalo nadhani huwauliza wengi: "Mlikuwa mnawahi msiba?"

Nilitegemea mume wangu aseme hapana, yaishe. Yeye aliinama akatazama sakafu.

"Hapana, afande," akasema. "Msiba ulishapita."

Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akilitamka neno hilo. Afande hakuuliza msiba wa nani. Alisema, "Poleni sana," akiniangalia mie, na nikajibu tumeshapoa, kama inavyojibiwa, ingawa hatukuwa tumepoa. Alipotusindikiza mlangoni alimshika mume wangu bega. "Kipande kile, baba, kiende polepole. Piga stori na mwenzio. Dakika kumi na mbili si nyingi."

Jumamosi iliyofuata tulitoka asubuhi. Kidude kilikuwa palepale kwenye dashibodi. Tulipofika kwenye kamera ya kwanza hakikulia, na mume wangu akashusha mwendo hadi hamsini na kuuacha hapo. Mkono wake ulikuwa umekaza usukani kana kwamba gari litamponyoka. Bodaboda iliyobeba magodoro ikatupita. Kisha ikatupita pikapu ya mtu anayejuana naye, akapiga honi ya dhihaka.

Kwa mwendo ule tuliweza kufungua vioo bila upepo kutupiga. Nikasikia vitu ambavyo sijawahi kuvisikia kwenye barabara ile: mtu anapasua kuni, redio ndani ya nyumba fulani, watoto wanaitana. Niliachia kishikio. Sikuwa nimepanga kusema lolote. Lakini lile neno la ofisini lilikuwa bado linanizunguka, nikauliza:

"Siku ile, ulikuwa wapi waliponipeleka hospitali?"

Alipandisha kioo cha upande wake nusu.

"Morogoro," akasema. "Nilikuwa napakia. Shangazi yako akapiga. Nikashusha matenga yote chini, nikamwachia mwenye shamba, nikatoka hivyohivyo. Nilikuja haraka mpaka hapa katikati. Nilijiambia nisikimbie, nikipata ajali nitamwachia nani mke na mtoto. Nikaenda taratibu. Nilipofika, wakaniambia." Akapangusa usukani kwa kiganja. "Kila nikishika usukani naona bado nachelewa."

Nilimwambia kwamba hata angeruka kwa ndege isingebadilisha kitu, kwamba daktari aliniambia mtoto alishaondoka kabla sijafika hospitali. Hakuwa analijua hilo. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza, kama mie nisivyouliza nguo zilipelekwa wapi. Alitazama mbele, akatikisa kichwa taratibu mara nyingi.

"Nilimwona," akasema ghafla.

"Nani?"

"Mtoto. Nilikwenda nao makaburini. Nikawaambia wafungue kitambaa. Mama hakutaka, nikamwambia ni wangu, nitamwona."

Muda wote ule nilidhani hakuna aliyemwona ila wale wanawake waliofunga midomo yao. Kumbe mume wangu alikuwa akilala ubavuni mwangu na ile sura ndani yake.

"Nisimulie," nikasema. "Tafadhali."

"Alikuwa na nywele nyingi. Nyingi sana, zimelala mpaka hapa." Akajigusa juu ya sikio, mkono mwingine ukiwa kwenye usukani. "Mweusi kama nyie watu wa Masasi. Mdomo wa kwangu. Na miguu, kile kidole kidogo kimelala juu ya mwenzake, kama chako. Miguu yote miwili. Nilikishika nikakinyoosha, kikarudi."

Nililia hapo. Sikulia kama nilivyolia hospitali. Safari hii nilikuwa nalia huku naona kitu. Naye alikuwa analia, machozi yanamshuka na hayafuti, na mshale wa mwendo umesimama kwenye hamsini. Tulipita kamera ya pili. Nilimwona ameiona. Hakukanyaga mafuta. Tuliendelea hivyohivyo mpaka mji ukaanza kuonekana, mie nauliza na yeye ananijibu: vidole vya mikono vilikuwaje, kitambaa kilikuwa cha rangi gani, nani alimbeba.

Kwa mama mkwe tulifika chakula kimeshapoa. Alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. "Leo mmechelewa, nilianza kuogopa," akasema. Kisha akatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, nimemsimulia," mume wangu akamwambia.

Mama mkwe alinivuta nikakaa karibu naye mkekani. Alikuwa na mikono mikubwa, ya mtu aliyelima viazi maisha yake yote. Aliifungua mbele yangu, akaitazama.

"Mie ndiye niliyembeba," akasema. "Alikuwa mzito, mwanangu. Usifikiri ulizaa kitu dhaifu. Alikuwa mtoto mzito, ameshiba." Akaifumba ile mikono. "Tulidhani tunakuhurumia."

Sikuwa na hasira naye. Nilimlalia begani, na yule mdogo wake wa kike akaja na chakula alichokipasha upya, akakiweka mbele yetu. Tukala wali na mboga za maboga kutoka sinia moja.

Mume wangu hakugeuka malaika. Mpaka leo akichelewa sokoni anakanyaga, na kidude chake bado kinalia kikinusa tochi, na bado kinadanganywa na milango ya maduka. Ila mie ninapokuwa ndani ya gari anakwenda vizuri, na safari ya Morogoro tumeizoea kuwa ndefu. Tumeongea mengi kwenye barabara ile ambayo nyumbani yasingetoka.

Wiki moja baada ya safari ile, Jumapili baada ya ibada, alinipeleka makaburini, kulekule Kibamba. Nilipajua pale, nilikuwa napapita kwenda kazini, lakini sikujua kaburi ni lipi. Alitembea moja kwa moja bila kutafuta, na nikaelewa kwamba amekuwa akija peke yake. Lilikuwa dogo, limezungushiwa mawe, na majani yalikuwa yameanza kuota pembeni. Alitoa panga kwenye mfuko akaanza kufyeka, na mie nikachuchumaa nikang'oa kwa mkono yale yaliyo karibu na mawe. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali, ndipo tukarudi nyumbani kupika.