Nilimzuia Kwenda Kuzalia kwa Mamake

Jamani, kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Mkitaka kunitukana, nitukaneni.

Mimi ni mama wa hapa kijijini Munje. Mwaka aliotawazwa Malkia wa Waingereza, mwanangu aliniletea mke kutoka Majoreni. Msichana ana adabu zake, lakini moyo mwepesi ajabu! Ukimwambia mchuzi umezidi chumvi, siku hiyo hali. Ua aliokwisha kuufagia aliufagia tena, asije mtu akamsema. Mimi nikaona nimepata wa kumchezea. Nilimsema kisimani mbele ya wenzangu, tukacheka.

Aliposhika mimba, mamake akaja kumchukua. Ndiyo ada yetu, mimba ya kwanza mtu huzalia kwao. Nikakataa katakata! Watu waseme kwangu hakuna maji ya moto ya kumkandia mzazi?

Yule mama akanishika mkono. "Dada, mwanangu namjua. Huyu hawezi kusimangwa, atavunjika."

"Basi ungezaa chuma," nikamjibu. Lo, ulimi huu!

Akajifungua mtoto wa kiume. Nikamkanda, nikampikia uji wa pilipili manga, nikaona wajibu nimeumaliza. Lakini halali, hali, analia tu akiutazama ukuta. Siku moja akaniambia, "Mama, naona mimi simfai mtoto huyu."

"Kweli humfai!" Nikamnyakua mtoto kifuani pake, nikampa jirani amnyonyeshe. Kisha nikawaita wanawake waje wamtazame mzazi aliyeshindwa na kazi ambayo hata mbuzi anaiweza. Walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

Hakusema tena. Arobaini ilipokwisha mamake akamchukua, mtoto akabaki kwangu kwa ajili ya maziwa ya jirani. Mwanangu sasa hupita mlangoni pangu asiniamkie.

Juzi, mtoto ameshaanza kutembea, nilikwenda naye Majoreni kutaka radhi. Nilimkuta mkekani, nywele zimesukwa vizuri.

"Shikamoo, mama," akaniamkia. Akamtazama mtoto, akatabasamu. "Mtoto wa nani huyu, mzuri hivi?"

Mtoto akanitazama mimi nijibu. Yarabi!

Enyi mama wakwe, mkiletewa binti wa moyo mwepesi, siku zake zikikaribia mpelekeni kwa mamake, watu waseme watakalo. Na akikwambia hamfai mtoto, mkumbatie, umwambie anamfaa. Ni neno moja tu, nami nililifanyia ubahili.