Mtapishaji Aliyeifuta Picha Yake

Saa mbili asubuhi, simu inalia mfukoni. Manukato, jina alilopewa na wenzake kazini kwa utani, anavua glavu, ananawa kwanza, ndipo anausoma ujumbe kwa sauti.

"Choo kimejaa, nyumba ya geti la bluu. Haya, riziki hiyo!"

Ni mtapishaji wa vyoo. Huvuta uchafu kwa pampu ya mkono, huujaza kwenye mapipa na kuupeleka kwenye mabwawa ya majitaka. Zamani watu walimwita kwa kunong'ona, na wengine waliona aibu hadi choo kikafurika kuelekea kisimani. Siku hizi kuna mfumo wa simu: mteja anabonyeza, fundi aliye karibu anatokea kwenye skrini na picha yake, na mteja anamkubali au anamkataa.

"Picha ndiyo kila kitu," ananiambia. "Nani atamfungulia geti mtu asiye na sura?"

Alikuwa akipata kazi kumi kwa wiki. Kisha binti yake wa pekee akaposwa.

"Aliniambia, 'Baba, ukweni wakiiona hiyo picha, nitauweka wapi uso wangu?'"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliifuta. Wakwe wakaambiwa anauza mabomba. Kazi zikashuka hadi tatu, naye hakulalamika.

Harusi ilifana. Lakini mwaka umepita na binti hajamkaribisha kwake hata siku moja. Leo mume hayupo, kesho wana wageni. Jamani, mzazi hasubirishwi hivyo!

Mwezi uliopita liliingia ombi kutoka kwa namba anayoijua kwa moyo.

"Ni mwanangu. Choo chake kimejaa, anaomba fundi, hajui fundi ni mimi. Nilijiinamia nikalia, sikufichi."

Alimtuma mwenzake. Jioni yule akarudi akisifu: mwenye nyumba mkarimu kweli, kampa maji ya kunawa na chai ya moto.

"Chai!" anasema Manukato. "Mimi babake sijaonja hata maji ya nyumba ile. Nilikosea. Ningemwambia tangu mwanzo, kazi hii ndiyo iliyokulea."

Juzi alinyoa ndevu, akapigwa picha mpya. Wiki hii anairudisha kwenye mfumo.

"Choo hujaa tena, mwandishi. Siku hiyo akibonyeza, aone ni baba yake anayekuja. Akikubali, nitapiga hodi na buti zangu. Akikataa, basi, nitajua."